Kope Katika Fundo la Kanga

Mimi siamini uchawi. Nimelisema hilo mbele ya watoto wa darasa la tano kwa miaka mingi, chaki mkononi, nikitamka polepole ili hata aliyekaa nyuma karibu na dirisha asisingizie kwamba hakusikia. Kila mwaka, somo la sayansi lilipofika kwenye macho, nilichora ubaoni mafiga matatu, nikachora moshi, nikachora na bibi kizee aliyeinamia chungu. Halafu nikauliza: kwa nini macho ya bibi ni mekundu? Watoto wa kwetu Mwanza walitazamana kwanza. Walijua jibu la nyumbani, na walijua jibu analolitaka mwalimu. Mwishowe mmoja aliinua mkono akasema ni kwa sababu ya moshi, nami nikawaambia wenzake wampigie makofi.

Nilijivunia somo lile kuliko yote niliyofundisha. Yule bibi wa ubaoni nilikuwa namchora kwa kumkumbuka shangazi yangu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyenilea. Mama alifariki kabla sijaanza shule, baba akaoa tena, na shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto, akaja kunichukua. Alinibeba mgongoni mpaka kijijini kwake, upande wa Misungwi. Kuni zilikuwa adimu huko. Tulipikia mabua ya pamba na samadi iliyokauka, na moshi wa samadi si wa kuchezea. Alipika pombe ya mtama, mapipa kwa mapipa, ili mimi nivae sare, niende sekondari, kisha chuo cha ualimu. Alipokuwa akipuliza moto, mimi nilikaa upande upepo unakotokea, kwa sababu ndiko alikonisukuma. Moshi wote ukawa wake. Macho yangu yalibaki meupe mpaka nikawa mtu mzima, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Alipokuja kuishi kwangu ilikuwa miaka ya tisini, ile miaka ambayo kila mtu aligeuka mfanyabiashara. Tulikaa Igogo, kwenye nyumba iliyobanwa kati ya mawe makubwa ya mlimani, na upepo wa ziwani ulituletea harufu ya viwanda vipya vya samaki. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukala mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, tena tukayagombania. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Sasa alikuwa anauza mitumba, na siku za mnada alikwenda mpaka Kisesa. Nami nilikaanga maandazi, nikayauza shuleni wakati wa mapumziko kwa watoto wale wale niliotoka kuwafundisha. Tulikuwa na binti mmoja, hajatimiza miaka mitatu.

Kijijini kwa shangazi mtoto wa jirani alikuwa amefariki kwa homa. Baada ya msiba, watu walianza kumsalimia shangazi kwa kifupi, kisha wengine wakaacha kabisa. Asubuhi moja akatoka nje akakuta nyasi za paa lake zimeungua upande mmoja, moto umezimwa na umande. Kila mtu alijua maana yake, maana katika vijiji vya jirani vikongwe walikuwa wameshauawa kwa macho mekundu tu. Mpwa wake mmoja wa huko huko akampandisha basi siku hiyo hiyo. Alifika kwangu na gunia la michembe, yale makopa ya viazi vitamu yaliyokaushwa juani, na kuku mmoja, na kanga alizovaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Malahaba, mwanangu. Nimekuja kukusumbua." Herufi ya r ilimshinda maisha yake yote, kama Wasukuma wengi wa rika lake.

"Hapa ni kwako," nikamwambia, na nilikuwa namaanisha. Nilimwandalia chumba cha uani. Nilifurahi mpaka nikalia.

Kesho yake nikaenda kutamba kwenye ofisi ya walimu. Nikasema ni aibu, taifa zima tunaimba soko huria na maendeleo huku watu wanaua bibi zao kwa sababu ya moshi. Wenzangu wakatikisa vichwa, wakasema kweli, ni ujinga. Mmoja, mwalimu wa hesabu, akauliza bila ubaya wowote: "Na mtoto unamwachia?"

"Kwa nini nisimwachie?" nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Nilipikia jiko la mafuta ya taa. Nilinunua dawa ya macho ya tyubu, nikamwonyesha jinsi ya kuipaka, nikamwambia kwamba mjini hakuna moshi wa samadi, kwa hiyo baada ya wiki chache macho yake yatatakata. Nilidhani nafanya hivyo kwa ajili yake. Leo nikijikagua vizuri naona nilikuwa nataka ushahidi. Kama macho yakitakata, basi somo langu ni la kweli, na mimi nitalala salama.

Kila asubuhi alipotoka chumbani nilimwinamia na kuyatazama, kama ninavyokagua kucha za wanafunzi mstarini. Yeye aliniinulia uso, akatulia, akanisubiri nimalize. Mwezi ukapita, macho ni mekundu. Mwezi wa pili ukapita, yamezidi, tena yanatoa machozi, na alikuwa anayafuta kwa ncha ya kanga.

"Yanachoma, mwanangu. Kama mchanga umo ndani."

"Endelea na dawa," nikasema.

Hapo ndipo somo langu liliponigeuka. Nilikuwa nimewafundisha watoto, mwaka baada ya mwaka, kwamba macho mekundu hutokana na moshi. Sasa moshi haupo. Mtu mwenye akili timamu angesema basi huenda kuna sababu nyingine ya ugonjwa, ngoja nimpeleke hospitali. Mimi mwalimu wa sayansi nilisimama jikoni na kikombe mkononi, nikajiuliza kama si moshi ni nini, na jibu lililokuja lilikuwa lile la nyumbani, lile ambalo watoto walilimeza kabla ya kuinua mikono.

Sikujiambia kwamba shangazi ni mchawi. Mtu angelisema hilo mbele yangu ningemzaba kibao. Nilibadilika kwa mambo madogo madogo tu, na kila moja lilikuwa na sababu yake nzuri. Binti yangu nikamnunulia kikombe chake chenye mfuniko, nikasema ni kwa sababu ya vijidudu. Bakuli lake likawa halichanganywi na mengine. Gunia la michembe nikalipandisha juu ya kabati, eti ina mchanga itamharibu mtoto meno, ingawa mimi mwenyewe nilikua kwa michembe ile na meno yangu yote ninayo. Shangazi alikuwa na tabia ya kumshika mtoto uso kwa viganja viwili, akaupapasa taratibu, paji, mashavu, kidevu. Nikiona hivyo nilimwita mtoto aje kuoga. Siku nyingine alikuwa ametoka kuoga saa ile ile, nywele bado zinadondosha maji.

Mume wangu alikuwa kinyume changu, na jambo hilo linaniumiza mpaka leo. Yeye aliishia darasa la saba, na alikuwa anasema waziwazi kwamba wachawi wapo, tena kwao Geita anawajua kwa majina. Lakini alirudi kutoka mnadani akaketi na shangazi uani, wakala ugali sahani moja, wakachovya mboga moja, wakacheka. Nikamuuliza siku moja kama haogopi. Akanishangaa. "Huyu?" akasema. "Huyu si ndiye aliyekulea?" Kisha akaendelea kutafuna mfupa wa sangara.

Kuna desturi kwetu ambayo kila mtu anaijua. Anayekukaribisha kinywaji, hasa pombe, huonja kwanza yeye, ndipo akupe. Ni njia ya kusema kuwa sikukutilia kitu. Kwa wageni wa heshima ni adabu tu. Lakini ndani ya nyumba, kati ya mtu na mtoto aliyemlea, haifanyiki, maana hakuna kinachohitaji kuthibitishwa. Alasiri moja nilikuwa nasahihisha madaftari, shangazi akamletea binti yangu uji. Kabla ya kumkabidhi alinigeukia, akahakikisha niko pale, akanywa funda moja, akameza. Ndipo akampa.

Nilijua hapo hapo kwamba ameshajua. Nilipaswa kuinuka, ninywe uji ule mimi mwenyewe, nimwangukie miguuni. Niliinamisha kichwa nikaendelea kuweka vyema na kosa kwenye madaftari ya watu. Tangu siku ile alionja kila kitu alichompa mtoto, hata maji ya mtungini, hata ndizi alikata kipande kwanza. Nami sikumkataza. Nilijiambia ndiyo mila ya wazee, tuwaache.

Kisha likaja jambo la kanga. Nilikuwa nafua nguo za nyumba nzima, nikakuta kwenye pembe ya kanga yake fundo dogo, gumu. Nikalifungua nikidhani ni hela. Ndani mlikuwa na kibano kidogo cha bati cha kutolea miiba, na pamoja nacho vinywele. Vilikuwa vifupi sana, vyeusi kwa vyeupe, vimepinda, vichache tu lakini vimekusanywa kwa uangalifu. Havikuwa nywele za kichwa. Nilifunga fundo kama lilivyokuwa, nikaianika kanga bila kuisuuza. Kisha nikamwita binti yangu, nikampakata kwenye mwanga wa mlango, nikamkagua nyusi na kope, moja baada ya nyingine, kuona kama zimepungua.

Hazikupungua. Lakini nilikuwa nimekagua, na mtu akishakagua kitu cha namna hiyo hawezi tena kujidanganya anaamini nini. Mimi niliweza. Niliendelea kufundisha somo langu, na mwaka ule ule nilimchora bibi ubaoni, nikauliza swali, nikawaamuru watoto wapige makofi.

Ningeweza kumuuliza. Shangazi, hivi ni vya nini? Maneno matano hayo. Tuliishi chini ya paa moja, tukisalimiana asubuhi na jioni kwa heshima zote, na sikuuliza.

Wiki chache baadaye binti yangu alishikwa na homa. Nilimkimbiza zahanati, wakamtoboa kidole, wakatazama damu, wakanambia ni malaria. Alipata dawa, siku ya tatu akaomba chakula na siku ya nne akawa anakimbia kwenye mawe. Mbu ninawafahamu. Ninafundisha mzunguko wa maisha yao, na dimbwi lilikuwepo nyuma ya nyumba yetu. Jioni ya siku ya nne, mtoto akiwa mzima kabisa anacheza, nikamwendea shangazi uani nikamwambia kwamba maisha yamekuwa magumu, mshahara wa ualimu hautoshi, na tumeamua chumba cha uani tukipangishe.

Ilikuwa sababu nzuri sana. Mtaa mzima ulikuwa unapangisha vyumba. Shangazi alikuwa anachambua mchele, ungo mapajani, anatafuta kokoto kwa ncha za vidole. Mikono ilisimama.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Kila kitu siku hizi ni biashala. Na mimi nimekaa sana. Hata shamba langu litakuwa limeota magugu."

Alinisaidia. Aliona nimekwama kwenye uongo wangu akaniongezea maneno ya kuukamilisha. Tulizungumza juu ya magugu kwa muda, kama watu wawili wanaopanga safari ya kawaida.

Mpwa wake alikubali kumpokea kwenye boma lake, mbali kidogo na ile nyumba iliyochomwa. Mume wangu alimbebea mzigo mpaka stendi bila kuniambia neno, na hakunisemesha siku mbili. Mtoto alilia. Shangazi alimpapasa uso kwa viganja viwili, paji, mashavu, kidevu, na siku hiyo sikumwita aje kuoga. Basi lilipoondoka nilimpungia mkono. Alikuwa dirishani upande wangu, ananitazama mimi, lakini hakupunga. Nilidhani amekasirika.

Mpangaji hakuja, kwa sababu sikumtafuta. Chumba kilikaa na kitanda chake. Walimu wenzangu waliniuliza habari zake nikasema wazee bwana, hawawezi mji, alikumbuka kwake. Nililisema mara nyingi mpaka likawa kweli. Ulipokwisha mwaka ningeweza kuapa kwamba ni yeye aliyeomba kuondoka.

Kisha walikuja watu wa macho shuleni kupima watoto. Muuguzi mmoja, mama wa makamo mwenye mikono myepesi, aliketi darasani kwangu, akawageuza watoto kope mmoja mmoja akitazama ndani. Aliniita niangalie. Ndani ya kope za mtoto mmoja kulikuwa na vipele vidogo vyeupe. "Huu ndio ugonjwa wa vikope," akasema. "Mtoto akitibiwa mapema anapona. Asipotibiwa, akizeeka kope zinajikunja kwa ndani na kulikwangua jicho. Jicho linakuwa jekundu siku zote, hata akae mahali pasipo na moshi. Wazee wanateseka, mwalimu. Wanasikia kama mchanga. Wengine wanang'oa kope zao wenyewe kwa kibano. Kuna upasuaji mdogo tu wa kuzigeuza, na siku hiyo hiyo mtu anarudi nyumbani. Asipofanyiwa anapofuka, na wengine wamebaki wanakutazama tu, hawakuoni, wanakujua kwa kukupapasa."

Nyuma yake, ubaoni, bibi yangu wa chaki alikuwa bado ameinamia chungu. Niliketi kwenye dawati la mwanafunzi. Wazee wa kwetu hawatupi ovyo kitu kilichotoka mwilini, hata ukucha, wasije wabaya wakakichukua. Alikuwa anaogopa zile kope zake zisije zikaangukia mikononi mwa mchawi. Ndiyo maana alizifunga.

Jumamosi nilikwenda Misungwi. Nilimkuta ameketi kivulini mwa ghala la mtama, anamenya viazi vya michembe, vidole vikitangulia kisu. Hakuinua uso mpaka niliposema shikamoo.

"Malahaba, mwanangu," akasema, na uso ukaelekea pembeni yangu kidogo.

Macho yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Wekundu wenyewe ulikuwa umepungua. Nilimwambia habari ya vikope na upasuaji, nikizungumza haraka haraka kama mtu anayechelewa gari, nikasema twende Mwanza leo, chumba chako kipo, tutakwenda hospitali.

"Kope zimeacha kuchoma," akasema. "Imekwisha hiyo."

"Kwa nini hukuniambia, shangazi?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo. "Ningekuambia nini? Kila asubuhi ulikuwa unayatazama. Nikasema, huyu ni mwalimu, anaona."

Nililia kwa sauti. Watoto wa boma walichungulia kisha wakakimbia. Nilipoweza kusema nilimwomba msamaha, sikuficha kitu, nikamtajia kikombe, na gunia juu ya kabati, na fundo la kanga. Alisikiliza yote. Nikamwomba tena arudi nami.

"Huku ni kuzuli," akasema. "Huku anayeniogopa huvuka njia. Nasikia miguu yake ikihama. Kwako nilikuwa sisikii kitu."

Aliniuliza mtoto amekua kiasi gani, nikamwonyesha kwa mkono, kisha nikakumbuka, nikasema anafika kiunoni kwangu. Akatabasamu. Akasema nimetoka mbali, bila shaka nina kiu, akainuka kwa kupapasa ukuta mpaka kwenye mtungi uliokuwa mlangoni. Alichota maji kwa kata. Akasimama, akanywa funda moja, akameza ili nione. Kisha akanyoosha kata kuelekea mahali alipodhani nipo.

Nilisogea nikaipokea kwa mikono miwili. Nilikunywa maji yote. Alisimama, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza mpaka nilipomaliza.